Jiko la Kupanda Nalo Mlima

Asubuhi kwenye lango la Machame, kabla msafara haujaingia msituni, mizigo yote hupita kwenye mizani. Mahema, viti vya kukunja, viazi, trei za mayai, kila kitu hupimwa, kwa sababu mpagazi wa Kilimanjaro haruhusiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20 za mzigo wa msafara. Katikati ya vitu hivyo hukosi kuuona mtungi wa gesi, aghalabu ule mdogo wa kilo 6 unaouzwa hata kwenye maduka ya vijijini. Gesi yake ni kilo 6, lakini chuma nacho kina uzito wake, na mtungi uliojaa hufika kilo 13 hivi au hata kuzidi. Mgeni aliyelipia safari hatauona tena mpaka jioni, na jioni hiyo atakachokiona ni bakuli la supu linalofuka mvuke mezani. Kati ya mizani ya asubuhi na supu ya jioni kuna shingo ya mtu.

Habari ya jiko la safari huanzia hapo, kwenye mzigo, ingawa wengi huianzia dukani. Siku hizi si watalii wa ng'ambo tu wanaolala mahemani. Vijana wa Dar es Salaam hupanda Uluguru na Usambara, wa Arusha huenda Longido na Meru, wa Nairobi hujaza mabasi mwisho wa juma kwenda Aberdare na Mlima Kenya, na wengi wao hujipikia wenyewe. Swali lao la kwanza huwa: jiko lipi ni zuri? Majibu wanayoyapata mara nyingi yameandikwa Ulaya au Marekani, nayo hupima mambo mawili, yaani jiko lina gramu ngapi na linachemsha lita moja ya maji kwa dakika ngapi. Vipimo hivyo ni vya kweli, ila vinachukulia kwamba mafuta yake yapo duka la jirani. Kwa msafiri wa Mbeya, Kigoma au Marsabit hilo ndilo jambo lisilo na uhakika kuliko yote. Kwake yeye, la kwanza ni kujua mafuta gani yatapatikana njiani, la pili ni nani atayabeba, na jiko lenyewe linakuja la tatu.

Waliowahi kupuuza mafuta wakaangalia mengine walilipa kwa roho zao. Mwaka 1911 misafara miwili ilikuwa ikishindana kufika Ncha ya Kusini ya dunia. Roald Amundsen wa Norway alifika tarehe 14 Desemba. Robert Falcon Scott wa Uingereza alifika mwezi uliofuata, na wakati wa kurudi, mwanzoni mwa 1912, alikuta makopo ya mafuta ya taa aliyoyahifadhi njiani yamepungua. Hakuna aliyeyaiba. Washa za ngozi kwenye mifuniko zilikuwa zimekakamaa kwa baridi, na mafuta yakapenya kidogo kidogo hadi yakapotea. Amundsen, aliyekuwa ameijua hatari hiyo tangu safari zake za nyuma, alikuwa amelehemu makopo yake. Katika nchi ya barafu, kukosa mafuta ni kukosa maji pia, maana kila tone la kunywa huyeyushwa kwa moto. Scott na wenzake wawili wa mwisho walifia hemani mwezi Machi, kilomita 18 hivi kutoka kwenye ghala lao kubwa la chakula. Baridi, njaa na uchovu vyote vilishiriki kuwamaliza. Jiko lao halikuwa na kasoro yoyote.

Kilimanjaro nayo ina kumbukumbu yake ya jikoni, na ni kumbukumbu ya heshima. Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na vitabu vingi huishia kwenye majina hayo mawili. Lakini Meyer alikuwa amewahi kushindwa kabla ya hapo, na kilichobadilika safari hii ni mpango wa chakula. Alipanga kambi kwa ngazi, wapagazi wakawa wanapandisha vyakula kutoka Marangu kila baada ya siku chache, na Mwini Amani, mtu wa Pangani, akabaki kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, akipika na kulinda vitu wakati wenzake wakihangaika na barafu. Mtu wa pwani, aliyezoea joto la minazi, ndiye aliyeuweka moto hai kwa watu waliofika kileleni. Anastahili kutajwa pale wanapotajwa wao.

Enzi hizo mpishi wa safari alitegemea kuni za palepale. Leo kukata kuni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ni marufuku, na sababu yake mtu huiona kwa macho akipanda: miti ya baridi ile hukua polepole mno, na makumi ya maelfu ya watu wakiokota vijiti vya chai kila mwaka, mlima ungebaki kipara. Kwa hiyo moto lazima ubebwe kutoka chini.

Uwezekano wa kuubeba ulikuja miaka mitatu tu baada ya safari ya Meyer. Mwaka 1892 fundi wa Stockholm aitwaye Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza jiko la mafuta ya taa lisilo na utambi. Mafuta yalisukumwa kwa pampu ya mkono, yakapita kwenye bomba lililopashwa moto, yakageuka mvuke kabla ya kuwaka, na mwali ukatoka wa buluu, mkali, bila masizi. Liliitwa Primus. Liliingia kwenye mahema ya wapelelezi wa ncha za dunia, na mwaka 1953 lilikuwa Everest: usiku wa kuamkia tarehe 29 Mei buti za Edmund Hillary ziliganda kama mawe, na asubuhi alizipasha juu ya jiko hilo kwa muda mrefu kabla yeye na Tenzing Norgay hawajaondoka kwenda kileleni. Liliingia pia majumbani Zanzibar, Mombasa na Tanga, na wazee wa miji hiyo bado wanaukumbuka mlio wake wa kunguruma na ile sindano nyembamba ya kuzibulia tundu likiziba.

Msafiri wa leo anaweza kudhani jiko la namna hiyo ndilo linalomfaa, kwa kuwa mafuta ya taa ni mafuta ya kwao. Zamani ilikuwa hivyo. Katika bajeti ya mwaka 2011/12 Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuwakatisha tamaa waliokuwa wakiyachanganya na dizeli, na Kenya ikafuata njia hiyohiyo mwaka 2018. Bei ikapanda, vituo vingi vikapunguza kuyauza, na wapikaji wakahamia gesi au wakarudi kwenye mkaa. Vijijini bado yanauzwa kwa chupa, lakini si jambo la kuwekea tumaini la safari bila kuuliza kwanza. Mafuta ya taa yana sifa yake: hayashiki moto kwa urahisi yakimwagika, na joto lake kwa uzito linakaribia lile la gesi. Adha yake ni harufu inayoingia kwenye mkate na nguo, pamoja na zile dakika za mwanzo ambapo jiko la pampu lazima lipashwe kwa spiriti kabla halijaanza kuunguruma vizuri. Asiyelizoea hupata mwali mrefu wa njano unaoweza kuramba paa la hema. Lile la utambi, ambalo Watanzania huliita jiko la mchina, halina kishindo hicho, lakini ni zito, huipaka sufuria masizi, na upepo kidogo tu hulizima.

Gesi ndiyo iliyotawala sasa, ila neno "gesi" linaficha vitu vitatu tofauti ambavyo wanunuzi huvichanganya kila siku.

Kuna mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu, ule ambao Kenya huitwa meko. Kuna kopo refu jembamba la jiko la mezani, linalolazwa ubavuni mwa jiko na kupatikana kwenye maduka makubwa ya mijini. Na kuna kopo fupi la mviringo ambalo jiko dogo hufungwa juu yake kwa kuzungusha, ndilo jiko la wapanda milima wa dunia nzima; jiko lenyewe linaweza kuwa na gramu 80 tu na kukaa ndani ya kikombe. Kopo la mviringo lenye gramu 230 za gesi hupatikana Nairobi, Arusha na Moshi, kwenye maduka machache yanayojulikana, na nje ya miji hiyo kulipata ni bahati. Tena haliruhusiwi ndani ya ndege, si kwenye begi la mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Anayeruka kutoka Muscat au London kuja kupanda Kilimanjaro lazima alinunue akishatua, na kabla ya kununua jiko ni vyema awe na mtu wa Moshi wa kumthibitishia kwamba makopo yapo.

Tofauti kubwa zaidi iko ndani ya kopo. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa butani na propani, na gesi hizo mbili zina tabia mbali mbali katika baridi. Butani ya kawaida huacha kugeuka mvuke ikishuka chini kidogo ya nyuzi 0. Isobutani, aina nyingine ya butani, huendelea mpaka nyuzi 11 chini ya sifuri, na propani huvumilia hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Makopo marefu ya jiko la mezani kwa kawaida ni butani tupu, yaliyokusudiwa meza ya hotelini au pikiniki ya Bagamoyo. Mtu aliyeyapandisha kambi ya Shira ya Kilimanjaro au ya Shipton ya Mlima Kenya huamka asubuhi akakuta mwali umesinyaa kama wa mshumaa, akalaumu jiko. Makopo ya mlimani huwa na isobutani na propani, na bei yake kubwa inatokana na hilo. Hata hivyo propani hutangulia kutoka, kwa hiyo kopo lililobakiza robo huwa dhaifu katika baridi kuliko kopo jipya. Kuna jambo moja linaloleta nafuu: kadiri mtu anavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua, na gesi hutoka koponi kwa urahisi zaidi kuliko ambavyo ingetoka ufukweni katika baridi ileile. Wazoefu hulala na kopo ndani ya mfuko wa kulalia, na asubuhi huliweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Kulipasha kwa mwali, au kulizungushia kinga ya upepo kiasi cha joto kulirudia lenyewe, ni kutafuta mlipuko.

Mgandamizo huohuo unaosaidia gesi huwatesa wapishi kwa upande mwingine. Maji huchemka kwa joto dogo kadiri mtu anavyopanda, karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Pale Mandara, kambi ya Kilimanjaro iliyo mita 2,720, maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi. Horombo, mita 3,720, ni nyuzi 88 kasoro kidogo. Kambi ya Kibo, mita 4,720, ni nyuzi 84 na ushei, na kama mtu angechemsha chai juu ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, ingechemka kwenye nyuzi 81. Maharage hayajui kwamba maji yanatokota. Yanachojua ni joto. Yanaweza kupiga mapovu nusu siku na bado yakabaki magumu, huku gesi inaisha. Hakuna jiko litakaloliondoa tatizo hilo, hata la bei gani, kwa sababu kuongeza moto chini ya maji yanayochemka huongeza mvuke tu. Kinacholiondoa ni sufuria ya presha, ambayo huyabana maji hadi yapande joto, au akili ya mpishi aliyechemsha maharage yake nyumbani, akayabeba yakiwa yameiva. Ndiyo maana wali, tambi, uji, mtori na supu vinafaa zaidi huko juu. Anayepanga fedha za jiko afikirie kwanza kama hapaswi kuzitumia kwenye sufuria.

Kuna hesabu ambayo wapangaji wengi wa safari hawaifanyi. Lita moja ya maji ya kijito, yenye nyuzi 10 hivi, ikichemshwa mahali pasipo upepo hula takriban gramu 15 za gesi. Msafara wa watu 10, kila mmoja akinywa lita 3 kwa siku, unahitaji lita 30. Hizo ni gramu 450 kila siku, na kwa siku 6 ni kilo 2.7, karibu nusu ya mtungi mdogo, kabla hata kiazi kimoja hakijaingia sufuriani. Upepo ukiingia chini ya sufuria, hesabu inaweza kuwa maradufu. Na shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, CDC, linashauri kwamba juu ya mita 2,000 maji ya kunywa yachemke dakika 3 badala ya 1. Dawa ya klorini, kama vile WaterGuard inayojulikana kila duka la dawa, ingeondoa sehemu kubwa ya mzigo huo kwa bei ndogo mno, na chujio zuri lingeondoa vijidudu ambavyo klorini haiviwezi. Pale kambi za Barafu na Kibo, ambako hakuna kijito na maji yenyewe yamepandishwa kwa kichwa kutoka chini, suala hili lina uzito mara mbili.

Nje ya gesi na mafuta ya taa kuna spiriti, ile ya zambarau inayouzwa kwenye maduka ya rangi na ya dawa. Jiko lake ni rahisi kupita yote. Kampuni ya Trangia ya Sweden, iliyoanza mwaka 1925, inauza tangu 1951 seti inayokaa ndani ya sufuria zake yenyewe, ikiwa na ukuta wa kukinga upepo. Kichomeo ni kikombe cha shaba kisicho na pampu wala sehemu ya kuharibika kirahisi. Spiriti ina joto lililo zaidi kidogo ya nusu ya joto la gesi kwa uzito uleule, kwa hiyo lita moja ya maji hula gramu 25 hivi na hukawia. Kwa mtu mmoja au wawili wanaokwenda usiku 2 Usambara, hilo ni jambo dogo kabisa. Hatari yake moja ni kubwa: mwali wake mchana hauonekani. Watu wengi wameungua kwa kuongeza spiriti kwenye kikombe walichodhani kimezimika. Vidonge vya mafuta magumu, vilivyobuniwa Ujerumani mwaka 1936 na kuuzwa kwa jina la Esbit, vinafaa kwa kikombe cha chai cha dharura na si zaidi.

Majiko madogo ya kuchomea vijiti, yenye kuta mbili na moto msafi, yanapendwa sana na watu wa misitu ya Ulaya. Hapa kwetu yana mahali pachache. Yakitumika kwenye shamba la mtu kwa ruhusa, ni furaha. Ndani ya hifadhi ni kosa, na katika vichaka vya mlimani wakati wa kiangazi ni hatari isiyosameheka. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro, ukawaka siku nyingi ukila vichaka vilivyokauka. Taarifa ya awali ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania ilisema ulianza pale wapagazi walipokuwa wakipasha chakula cha wageni. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wengi wao wanakijiji na wanafunzi, kwa matawi ya miti na vifaa vya kushika mkononi. Anayechagua jiko basi aangalie pia miguu yake: je, lina kitako kipana, litasimama wima na sufuria ya lita 5 juu yake, na linaweza kuzimwa papo hapo? Gesi huzimwa kwa kuzungusha kitasa. Mkaa hauzimwi, huzikwa, na kesho yake ukafukuka.

Kuhusu majiko yanayokubali kila aina ya mafuta, asili yake inafaa kusimuliwa. Mwaka 1969 mhandisi Larry Penberthy wa Seattle alianzisha Mountain Safety Research, akiwa na hamu ya kujua kwa nini vifaa vya wapanda milima huwaangusha. Aliamini kwamba wengi wanaougua milimani wana upungufu wa maji mwilini, na kwamba hawanywi vya kutosha kwa sababu kuyeyusha theluji ni kazi ndefu: kugeuza kilo moja ya barafu kuwa maji, bila hata kuyapasha, hula joto karibu sawa na la kuyafikisha maji hayo kwenye mchemko. Mwaka 1973 akatoa jiko lililovuta mafuta moja kwa moja kutoka kwenye chupa, likiwa limetenganishwa nayo kwa bomba. Chupa ikakaa mbali na moto, kinga ya upepo ikaweza kuzungushwa bila hofu, na uwezo wa mafuta ukawa ni ukubwa wa chupa tu. Vizazi vya jiko hilo leo huchoma benzini safi, mafuta ya taa, hata petroli ya kawaida.

Na petroli ndiyo inayolifanya jiko hilo kuwa la maana katika sehemu zetu. Palipo na bodaboda pana petroli, kuanzia Kasulu mpaka Fort Portal na vijiji vya chini ya Rwenzori, ikiuzwa kwa chupa za maji kando ya barabara. Mwendesha baiskeli anayevuka nchi tatu ni nadra akose mafuta. Lakini petroli ya chupa huwa na mchanga na maji, hivyo ichujwe kwa kitambaa, na sindano ya kuzibulia isisahaulike. Jiko la namna hii hutaka mtu anayependa kulifungua na kulifunga. Asiye na mkono huo asijitwishe.

Lipo jambo moja ambalo haifai kulipita haraka, nalo linahusu kila jiko lililotajwa. Usiku wa baridi kali, mtu anayetetemeka hushawishika kuliingiza jiko hemani na kufunga zipu. Kila mwaka magazeti ya Tanzania na Kenya huandika habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Kinachowaua ni gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mkaa huitoa kwa wingi hata moto ukionekana umetulia, lakini gesi na mafuta ya taa pia huitoa pale hewa inapokuwa haba au sufuria inapougusa mwali. Mwaka 1934 Admeri Richard Byrd wa Marekani, aliyekaa peke yake miezi kadhaa katika kibanda cha Antaktika, alikaribia kufa kwa moshi wa jiko na wa jenereta; wenzake walishtuka kwa ujumbe wake wa redio ulioanza kukosa mpangilio, wakamfuata. Mlimani hatari huwa kubwa zaidi, kwa kuwa oksijeni ni kidogo tangu mwanzo, na dalili ni zilezile za ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu usio na sababu. Mtu akiugua hivyo karibu na jiko linalowaka, atolewe nje kwanza, maswali baadaye. Mpishi wa msafara, anayeshinda ndani ya hema la jikoni kuanzia saa 10 alfajiri, ndiye aliye katika hatari hiyo siku zote. Mlango wa hema lake ubaki wazi pande mbili, hata upepo ukilia.

Tukirudi kwenye mtungi, safari kubwa ya Kilimanjaro au Mlima Kenya haiwezi kuukwepa, maana kupikia watu 15 kwa vikopo vya gramu 230 ni gharama na ni lundo la taka. Kinachoweza kubadilika ni jinsi unavyobebwa. Mtungi wa kilo 15 uliojaa, pamoja na chuma chake, hupita kilo 28. Hakuna namna halali ya kumtwika mtu mmoja. Mitungi miwili ya kilo 6 iliyobebwa na watu wawili ni jambo jingine, na mmoja ukiisha njiani mwenye kuubeba hushuka na mzigo mwepesi. Ipo pia mitungi ya plastiki na nyuzi za kioo, kama ile inayotengenezwa na Ragasco ya Norway, yenye karibu nusu ya uzito wa chuma. Kampuni ya utalii inayonunua mahema mapya ya wageni kila msimu inao uwezo wa kuiagiza. Mgeni naye anayo haki ya kuuliza, kabla ya kulipa, gesi itapandishwa kwa mitungi gani. Wasimamizi wa haki za wapagazi, wakiwemo Kilimanjaro Porters Assistance Project walioanza mwaka 2003, wamekuwa wakipigania mizani, mavazi na ujira; uzito wa jikoni unapaswa kuingia kwenye mazungumzo hayohayo.

Kwa wengine, uamuzi hauna haja ya kuwa mgumu. Wawili wanaotoka Arusha au Nairobi kwa siku 3 wachukue jiko dogo la kopo la mviringo, na kopo la pili la akiba. Aliye Songea, Sumbawanga au Lodwar, mbali na makopo hayo, achukue la spiriti na asione haya. Familia inayokwenda kwa gari Mikumi au Naivasha haina sababu ya kununua chochote: mtungi wa nyumbani wa kilo 6 unatosha, ukisimamishwa wima na kufungwa kamba, na madirisha yakiachwa wazi kidogo njiani. Anayevuka mipaka kwa miezi achukue la petroli.

Lolote litakalochaguliwa, liwashwe nyumbani kwanza, uani, jioni yenye upepo. Kopo lipimwe kwenye mizani ya jikoni, lita moja ichemshwe, kisha lipimwe tena, na tofauti iandikwe kwa kalamu ubavuni mwa kopo. Mpishi wa mlimani hana mizani hiyo. Jioni ya siku ya tatu huuinua mtungi kwa mkono mmoja, akautikisa, akasikiliza, ndipo akajua kama kesho atainjika sufuria ya presha kwa ajili ya makande au atawapikia tambi.